Shamba la Pili

Chuoni, 12 Novemba 1995

Mpendwa dada Milembe,

Natumaini barua hii itawakuta mmeamka vizuri, wewe na Nyanjige, pamoja na yule jogoo wenu asiyejua saa. Mimi sijambo, ila hapa chuoni tunakula maharage kuanzia Jumatatu hadi Jumatatu. Mayu, mama yetu mpendwa, ameniandikia kutoka Lalago kwa mkono wa mwalimu. Anasema mguu umepata nafuu na mvua imeanza. Wenzangu wawili wamefunga mabegi wakaondoka baada ya kusikia redioni kwamba serikali inapunguza wafanyakazi. Mimi siondoki. Baba alikufa akisema huyu asomeshwe, na wewe ulimsikia.

Sasa jambo lenyewe. Ili nimalize mwaka huu wa pili natakiwa kuandika kazi moja kubwa ya shambani, kurasa arobaini, nayo ina nusu ya alama zote za cheti. Nimechagua pamba na funza wa vitumba. Nahitaji mashamba mawili yanayopakana, udongo mmoja, mbegu moja, mvua moja. La kwanza lipigwe dawa mara sita kama utaalamu unavyotaka. La pili lisipigwe hata tone. Kila Jumamosi mtu apite mimea thelathini kila upande, ahesabu funza, aandike. Shamba la kwanza ni la shemeji Ngeleja, nimeshamwandikia na amekubali. La pili nimeandika lako.

Mkufunzi wetu, Bwana Joakim, alituambia tutafute mkulima ambaye mwenyewe hapigi dawa. Wapo tele siku hizi, tangu ushirika uache kukopesha na dawa ihamie madukani. Lakini hao hawawezi kushika kalamu kila Jumamosi kwa miezi mitatu. Wewe ulimaliza darasa la saba na mwandiko wako unaushinda wangu. Ila usimwambie mtu yeyote kwamba ni mimi niliyekuzuia kupiga dawa. Bwana shamba hafundishi watu kuacha dawa. Ikijulikana kwamba shamba la pili nimelitengeneza mwenyewe badala ya kulitafuta, nitafukuzwa.

Najua ukoo wa marehemu shemeji Luhaga ulikupa misimu miwili tu. Lakini tazama mbele, dada. Nikipata cheti nitapangiwa Bariadi, nitakuwa bwana shamba wa kata nzima. Ngeleja atamgusaje dada wa bwana shamba?

Nakili kila kitu kwa wino wa bluu.

Mdogo wako,
Paschal Maganga

*

Bariadi, 3 Desemba 1995

Mdogo wangu Paschal,

Mwangaluka. Sisi tumeamka, na jogoo tumemla siku ya Jumapili, kwa hiyo hilo usiulize tena. Nyanjige ameanza kuandika jina lake, herufi ya kwanza anaigeuza kama kichaa wa kijiji. Ng'ombe wa mzee Nyanda waliingia kwenye mahindi yangu, nikawafukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika kwa mtu aliye chuoni.

Umesema "nimeandika lako". Umeandika kwanza halafu ndio ukaniuliza. Huo nao ni utaalamu?

Nikueleze, maana naona mwenzangu umesahau huku kunafananaje. Luhaga alipokufa, ndugu yake Ngeleja alikuja siku ya arobaini na kiti chake, akaketi mlangoni pangu, akasema atanirithi. Nilikataa. Wazee wakasema sawa, mwanamke ana kiburi, apewe misimu miwili tuone kama anaweza kulishika shamba la ndugu yetu. Nikiweza, nibaki. Nikishindwa, shamba linarudi kwao na mimi narudi kwa mama yangu mikono mitupu, kwa sababu ng'ombe kumi na wawili wa mahari walitolewa, na mwanangu Nyanjige ni wa hao ng'ombe, atabaki kwao. Msimu wa kwanza nimewaziba midomo. Huu ndio wa pili. Dawa nimeshanunua mjini, chupa mbili, zipo chini ya kitanda.

Nimekaa na barua yako siku tisa. Nimejiambia hivi: nikikataa nitapata pamba mwaka huu, na mwakani Ngeleja atatafuta sababu nyingine. Nikikubali, nitakuwa na ndugu mwenye cheti na pikipiki ya serikali. Basi nimekubali. Ekari zangu mbili chukua. Lakini uwe mtu wa kujibu barua, Paschal. Mimi na wewe tunajuana.

Wabeja kwa picha uliyotuma. Umevaa tai kama umeazima shingo.

Dada yako,
Milembe

*

Bariadi, 24 Februari 1996

Mdogo wangu Paschal,

Tunaendelea. Mayu alikuja kukaa wiki moja, akaondoka na kuku wawili na malalamiko saba. Mvua ya hapa ni nzuri, mpunga wa bondeni umesimama.

Hii ni barua ya pili mwezi huu, ya kwanza hukujibu. Nakuandikia hesabu. Jumamosi ya kwanza nilikuta funza wanne kwangu na watano kwa Ngeleja, nikafurahi nikadhani Mungu ni mjane mwenzangu. Ngeleja akapiga dawa. Jumamosi ya pili kwangu kumi na tisa, kwake wawili. Leo kwangu arobaini na mmoja, kwake watatu. Ninafanya kama ulivyosema, natembea mshazari kutoka pembe hadi pembe, nafungua kila kitumba kwa kidole. Funza yumo ndani amejikunja, amenenepa kuliko mtoto wa mtu.

Ngeleja anapita mpakani na bomba lake la betri. Leo amesimama akaniambia, "Shemeji, naona mwaka huu unafuga." Wanawake waliokuwa wanapalilia kwake wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Nami nilikuwa nimeshika daftari. Hebu fikiri, mwanamke anaingia shambani kila Jumamosi, anawahesabu wadudu, anawaandika, halafu anawaacha waendelee kula. Wanasema nimelogwa. Wengine wanasema mimi ndiye ninayewaloga.

Naomba ruhusa ya kupiga mara moja tu. Mara moja, Paschal. Wewe andika kwamba sikupiga, nani atajua? Barua nampa kondakta wa basi la Mwanza, nimemwomba aifikishe leo hii. Nijibu naye Jumatano, nitamngoja barabarani.

Milembe

*

Chuoni, 30 Machi 1996

Mpendwa dada,

Salamu kwako, kwa Nyanjige na kwa majirani wote. Barua zako zote mbili nimezikuta juzi, tulikuwa kwenye mafunzo kwa vitendo wilaya nyingine, wiki tano. Penseli niliyoweka ndani ya bahasha ni zawadi ya Nyanjige.

Dada, takwimu zako ni nzuri ajabu! Arobaini na mmoja kwa watatu! Nimewaonyesha wenzangu bwenini, hakuna hata mmoja mwenye tofauti kubwa kama hiyo. Mmoja alihesabu wadudu wa mtama miezi miwili akapata mashamba yote sawasawa, sasa analia. Bwana Joakim amepita akaangalia jedwali, akasema, "Endelea."

Kuhusu kupiga mara moja, haiwezekani. Ukipiga sasa mstari wangu utavunjika katikati na kazi ya miezi minne yote itaoza. Zimebaki Jumamosi tatu. Vumilia. Watu wakicheka waache wacheke, hawajui sayansi. Mwakani nitakapokuja na pikipiki tutaona nani anamcheka nani.

Usisahau kuandika pia idadi ya vitumba vilivyoanguka chini.

Mdogo wako mpendwa,
Paschal

*

Bariadi, 14 Aprili 1996

Paschal,

Hatujambo. Nyanjige alipata homa, imeondoka.

Hesabu ni hizi: mia na kumi na wawili kwangu, wanne kwa Ngeleja. Vitumba vilivyoanguka katika ile mimea thelathini ni mia mbili na sita. Nimeandika kwa wino wa bluu.

Ulipokaa kimya wiki tano, nilitoka kumngoja kondakta kila Jumatano. Mara ya tatu akawa ananipungia mkono kutoka mbali, bila hata kusimamisha gari, ili nisichoke kusubiri. Siku hiyo nilirudi nyumbani nikatoa chupa chini ya kitanda, nikaazima bomba kwa mzee Nyanda, nikachanganya dawa, nikalibeba mgongoni mpaka kwenye mstari wa kwanza. Nilisimama hapo mpaka jua likanichoma utosi. Kisha nikakumbuka uso wa baba siku ile anauza dume lake jeusi ili wewe uende sekondari. Nikarudi, nikaimwaga dawa kwenye shimo.

Nyanjige aliniuliza kwa nini tunawahesabu na hatuwaui. Nikamtuma maji kisimani.

Sasa hata ukiniruhusu haisaidii, walichotaka kula wameshakula. Upande wa Ngeleja pamba imechanua mpaka inaumiza macho.

Milembe

*

Chuoni, 2 Juni 1996

Mpendwa dada Milembe,

Pole kwa homa ya mtoto. Mimi siku hizi silali vizuri, naandika sura ya nne. Kumaliza kazi ya maandishi si mchezo: unaandika, mkufunzi anakata, unaandika tena. Mwisho wa mwezi lazima nakala tatu ziwe zimefika, moja ya chuo, moja ya wilaya, moja ya serikali ya kijiji chenu.

Nina ombi dogo. Tarehe nilizokupa maelekezo sikuziweka popote, na Bwana Joakim anataka tarehe. Nirudishie barua zangu zote, tangu ile ya Novemba. Zote tafadhali, hata ile iliyokuja na penseli. Nikimaliza kuzitumia nitakurudishia.

Pia niandikie kilo ulizovuna na alizovuna shemeji.

Paschal

*

Bariadi, 16 Juni 1996

Paschal,

Mimi kilo mia na arobaini. Ngeleja kilo mia tisa. Ekari mbili kwa mbili.

Barua zako hizi hapa, nimezifunga kwa uzi wa gunia. Nilizisoma tena kabla ya kuzifunga. Hakuna hata moja ulimouliza tutakula nini.

Lakini nimezituma. Ulisema zote, ni zote.

Milembe

*

Bariadi, 28 Julai 1996

Mdogo wangu Paschal,

Nakuandikia haraka, salamu utazikuta mwishoni.

Kazi yako imefika kijijini. Mtendaji wetu Malimi aliileta kwenye mkutano Alhamisi, pale kwenye banda la kununulia pamba, watu wote wapo na wanunuzi wa kampuni mbili wapo. Akasema kijana wetu ametuheshimisha, kijiji chetu kimeandikwa. Akasoma. Nilikuwa nimesimama mbele kabisa, nimemvalisha Nyanjige gauni la Krismasi. Nilidhani utanitaja kwamba nilihesabu.

Ulinitaja. Ukurasa wa thelathini na moja. Malimi alisoma taratibu kama anavyosoma Injili: "Shamba la pili ni la mjane mmoja ambaye, pamoja na kuelimishwa mara kwa mara, hakupiga dawa kwa uzembe, na hivyo kupoteza karibu mavuno yote, wakati jirani yake, mkulima hodari, katika udongo uleule na mvua ileile, alivuna mara sita zaidi." Watu waligeuka kunitazama. Ngeleja hakucheka safari hii. Aliomba nakala.

Sasa ukoo umeitisha kikao tarehe 17 Agosti. Ngeleja hahitaji shahidi, anao wewe. Nimewaambia wazee kwamba ni wewe uliyenizuia, wakaniuliza, "Karatasi iko wapi?" Karatasi ziko kwako, Paschal. Nilizifunga mwenyewe kwa uzi wa gunia.

Sitaki uje. Sitaki hela. Nataka mstari mmoja tu wenye sahihi yako: "Mimi Paschal Maganga nilimwambia dada yangu asipige dawa." Hata ukiuandika kwenye karatasi ya sigara, nitaupokea. Au nirudishie ile barua ya Novemba peke yake. Kondakta ni yuleyule na nimeshaongea naye.

Nyanjige anakusalimu. Anauliza mzembe maana yake nini.

Dada yako,
Milembe

*

Chuoni, 20 Agosti 1996

Mpendwa dada,

Natumaini kikao kimekwenda salama na wazee wametumia busara. Barua yako niliipata mapema, lakini nilitaka kutuliza mawazo kwanza ndipo nijibu kama mtu msomi.

Kwanza, naomba uelewe kwamba lugha ya ripoti si lugha ya nyumbani. Mkulima asiyefuata kanuni ana jina lake kitaalamu, wala si matusi. Jina lako halimo, nimeandika "mjane mmoja" kwa heshima yako. Pili, sikujua kwamba Malimi angesoma mbele ya watu. Tatu, mstari huo unaouomba, nikiuandika leo, kesho utafika wilayani, keshokutwa uko mezani kwa Bwana Joakim, na miaka miwili yangu imekwisha. Unataka nirudi Lalago nikachunge? Baba angesema nini?

Barua zile sinazo tena. Nilizichoma pamoja na karatasi za rasimu, tunafanya hivyo wote tukimaliza.

Mambo ya ukoo hayaamuliwi kwa karatasi ya mwanafunzi. Ukinyenyekea kidogo kwa shemeji, yataisha. Wewe nawe una ulimi, dada, tuambizane ukweli.

Nitakuombea.
Paschal

*

Lalago, 1 Septemba 1996

Paschal,

Kama unavyoona hapo juu, siandiki tena kutoka Bariadi.

Kikao kilianza asubuhi, kikamalizika kabla ya mbuzi kuiva. Walisoma ukurasa wako mara mbili, kwa sababu mzee mmoja alichelewa. Wakaniuliza tena kama nakubali kurithiwa, nikakataa tena. Basi. Nilibeba godoro, sufuria mbili na nguo zangu.

Nyanjige alinifuata mpaka barabarani. Ngeleja alimshika mkono, akamrudisha. Hakumshika vibaya, siwezi kumsingizia. Alimshika kama mtu anayerudisha ndama wake.

Mayu anasema nisikuandikie kwa hasira kwa sababu una mitihani. Kwa hiyo naishia hapa.

Milembe

*

Chuoni, 8 Septemba 1996

Dada yangu mpendwa Milembe,

Nimelia. Nataka ujue hilo, nimelia kweli, hata mwenzangu wa kitanda cha juu aliniuliza. Pole sana. Mungu atafungua njia.

Dada, naandika nikiwa nimepiga magoti. Bwana Joakim amenipa alama hamsini na mbili tu, na pembeni ya ukurasa ule wa thelathini na moja ameandika kwa wino mwekundu: "Shamba la pili lina mashaka." Amesema atakuja mwenyewe kuliona na kuongea na mwenye shamba kabla ya kutoa alama za mwisho. Anakuja Alhamisi, tarehe 19. Ameshanusa kitu. Akigundua kwamba nililipanga mimi, nimekwisha.

Nakuomba urudi Bariadi siku hiyo moja. Simama pale shambani kama mwenye shamba. Nimeongea na shemeji Ngeleja kwa barua, hana kinyongo, atakuruhusu uingie. Bwana Joakim akikuuliza, sema maneno haya tu: nilishauriwa nipige dawa, nikapuuza. Mbele ya Malimi pia useme hivyohivyo, ili yote yalingane. Kwako hakuna kinachoharibika tena. Lililokupata limeshakupata. Mimi ndiye ninayeweza kuokolewa.

Nimemwandikia Mayu pia, naye atakusihi.

Nakutegemea wewe peke yako duniani,
Paschal

*

Chuoni, 3 Novemba 1996

Mpendwa dada Milembe,

Salamu tele! Hukunijibu, lakini matendo yako yamejibu. Bwana Joakim alirudi kutoka Bariadi, akaniita ofisini. Akachukua kalamu, akafuta hamsini na mbili, akaandika themanini na tatu. Ya kwanza darasani! Sikumuuliza kitu, nilishukuru nikatoka kabla hajabadili nia. Ubarikiwe, dada. Umenificha kama dada anavyomficha ndugu yake, na sitasahau.

Mahafali ni tarehe 30. Mayu anakuja, nimemtumia nauli. Njoo naye.

Habari nyingine si nzuri wala mbaya. Serikali imetangaza kwamba mwaka huu haiajiri bwana shamba hata mmoja. Wenzangu wengi wanarudi makwao na vyeti vyao. Mimi, kwa sababu ya zile alama, nimechukuliwa na kampuni moja ya pamba inayokuja Bariadi. Nitauza dawa na kusimamia shamba la mfano. Kampuni ilitaka mkulima hodari mwenye eneo la kutosha, ikasoma ripoti yangu, ikamchagua shemeji Ngeleja, kwenye zile ekari zake nne.

Sijakusahau. Shamba la mfano linahitaji mtu wa kuhesabu funza kila Jumamosi, kibarua cha kutwa, kuanzia Februari. Nimelitaja jina lako kwa wakubwa. Niliwaambia hakuna anayehesabu kama wewe.

Ndugu yako mwenye furaha,
Paschal Maganga

*

Lalago, 17 Novemba 1996

Paschal,

Mayu mzima, anashona gauni la mahafali yako. Haongei na mimi tangu Septemba, anapitisha maneno kwa watoto wa jirani. Mpunga wa hapa umeanza kupandwa. Hongera ya alama.

Nilikwenda siku ile ya tarehe 19. Nililala Malampaka kwa shangazi, nikapanda lori la pumba, nikafika shambani kabla ya Bwana Joakim. Walikuwepo yeye, Malimi na Ngeleja. Akaniuliza, "Mama, kwa nini hukupiga dawa?" Mayu alikuwa amenilisha maneno yako siku kumi, alilia, akanishika miguu. Nami nilikuwa nimemwahidi.

Nilimwambia kweli yote. Nilimwambia ni wewe uliyenizuia, kwamba dawa ilikuwa chini ya kitanda, kwamba niliibeba mgongoni nikaimwaga kwa sababu yako. Nikamtajia hesabu zote za kila Jumamosi bila kuangalia popote, kwangu na kwa Ngeleja. Yeye alikuwa anafuatisha kwenye ripoti kwa kidole. Nilitaka ufukuzwe, Paschal. Sikwenda pale kwa sababu nyingine.

Unajua alifanya nini? Alicheka, akapiga paja. Akasema, "Kumbe alilipanga! Mbona hakuandika?" Akanieleza kwamba yeye alikupa hamsini na mbili kwa sababu ya mjane mzembe, maana mtu mzembe hapalilii, hapunguzi miche, hutaweza kujua pamba yake imeliwa na funza au imeuawa na uvivu. Lakini shamba lililoachwa kwa makusudi, na likahesabiwa na mtu mwaminifu, hilo ndilo shamba la pili la kweli. Akasema aliwaambia mtafute asiyepiga dawa kwa sababu tu hakudhani mwanafunzi angempata mkulima wa kukubali jambo gumu kama hilo. Akasema ungeandika hivyo tangu mwanzo angekupa themanini palepale mezani kwake, bila safari.

Kwa hiyo sikukuficha. Nilikwenda kukuchoma, nikakupandisha daraja.

Nilimwomba Malimi aliyesikia yote hayo aitishe kikao kingine. Alitazama viatu vyake. Ngeleja ndiye aliyejibu: "Mbuzi wa kikao ameshaliwa, shemeji." Nikamwomba Bwana Joakim aniandikie walau yeye. Akasema yeye ni mtu wa kilimo, mambo ya ukoo hayaingilii, akanipa kalamu yake iwe zawadi. Ndiyo ninayoandikia hapa.

Nimekaa nikifikiri miezi miwili. Sentensi moja ya kweli, Paschal. Ungeiandika mwezi wa sita ungefaulu, na mimi ningekuwa nyumbani kwangu na mwanangu. Uliniuza, na hata hukuhitaji kuniuza. Hilo ndilo linaloniamsha. Ungekuwa umenila kwa njaa ningekusamehe haraka zaidi.

Mahafali siji.

Wiki iliyopita nilikwenda mnadani Bariadi kwa makusudi, najua mke wa Ngeleja huuza viazi pale. Nyanjige alikuwepo, amekaa pembeni ya gunia. Aliponiona alisimama. Halafu akamtazama mke wa Ngeleja kwanza, kuona kama anaruhusiwa kunisalimia.

Kibarua chako nimekikubali. Waambie wakubwa zako nitahesabu upande wowote watakaotaka, na sitachelewa hata siku moja. Jumamosi watoto hawaendi shule, na mstari wa kwanza wa lile shamba uko hatua ishirini kutoka mlangoni kwa Ngeleja. Februari ni mbali, lakini nitangoja.

Milembe